ULINZI WA SAITI YA UJENZI: MAMBO YA KUJUA (SIMENTI YETU HAIKUIBIWA USIKU)



Kuna mdau mmoja, yuko Dar lakini anajenga huku nyumbani, aliniuliza: "Dogo, wewe ulishakaa saiti. Nikianza msingi wangu hapo Puge niweke mlinzi au niweke mbwa?" Nikaanza kumjibu kwa meseji. Meseji ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, nikaona hapana, hii kitu ngoja niiandike yote hapa ili na wengine wafaidike. Jibu fupi ni kwamba mlinzi na mbwa wote wanasaidia, ila wizi mwingi wa saiti hauna habari na mbwa.

Kwanza nijieleze. Mi siyo mhandisi wala siyo polisi. Nilimaliza form four, nikakaa nyumbani nikisubiri mambo yanyooke, na katika kusubiri huko nikapata kibarua cha kutunza stoo kwenye saiti ya madarasa. Ninayoandika hapa mengine niliyaona, mengine niliuliza kwa mafundi wazee, mengine nilisoma kwenye sheria. Na moja nililifanya mwenyewe na bado linanisumbua. Nitalisema.

KWA NINI PUGE?

Kwa wasiopajua, Puge ni kata ya wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kwenye barabara kuu ya Nzega kwenda Tabora mjini. Hapa ndipo unapokata kwenda Ndala na Ziba. Hata lami ilipokuja mradi uligawanywa hapa hapa: kipande cha Nzega–Puge na kipande cha Puge–Tabora. Kila kinachojengwa upande huu wa Tabora, mzigo wake mwingi unapita mbele ya macho yetu.

Na kinachojengwa siku hizi siyo kidogo. Reli ya kisasa kipande cha Tabora–Isaka, kilomita 165, mkataba wake ulisainiwa 2022. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, limepita mkoa wetu, na karakana ya kuyapaka mabomba yale kinga ya joto iko Sojo, wilaya yetu hii hii ya Nzega, ilizinduliwa Machi 2024. Ukiacha hayo makubwa kuna zahanati, madarasa, fremu za maduka barabarani na nyumba za watu waliouza mpunga wakasema mwaka huu lazima nitoke kwenye nyasi.

Makampuni makubwa wana kamera na walinzi wa kampuni, wanajua wanachofanya. Mada hii ni ya sisi wadogo: mwenye nyumba ya vyumba vitatu, kamati ya shule, msimamizi wa msikiti au kanisa.

UNALINDA NINI, DHIDI YA NANI?

Watu wakisikia ulinzi wa saiti wanawaza mwizi anaruka ukuta usiku. Mimi nimeyagawa mambo manne:

1. Mali isiondoke. Simenti, nondo, mabati, mbao, misumari, nyaya, rangi, vitasa, mafuta ya mashine na vifaa vya mafundi wenyewe.
2. Mali ifike yote. Yaani uliyolipia ndiyo iliyoshushwa. Hapa wengi tunapigwa.
3. Mali iingie kwenye jengo. Simenti ikitoka stoo ikaishia kwenye zege, siyo kwenye toroli linaloelekea kwa jirani.
4. Watu wasiumie. Watoto, walevi wanaokatiza usiku, mbuzi na ng'ombe pia.

Ukiweka mlinzi mmoja mwenye rungu na tochi umejibu namba 1 tu, tena nusu.

VITU VINAVYOTOKA SANA NA VINAVYOTOKA VIPI

Simenti. Hii ni kama hela taslimu, haina alama ya mwenyewe na kila kijiji kuna anayeihitaji leo. Inatoka kwa mfuko mzima, au kwa nusu mfuko ndani ya ndoo ya chakula, au ndani ya toroli imefunikwa mchanga. Kuna fundi mwingine anakuambia mchanganyiko ni ndoo 6 za mchanga kwa mfuko wako, kumbe anapiga 9. Mifuko inayobaki ni yake. Huo ni wizi mbaya kuliko wote, kwa sababu umeibiwa simenti na ukabaki na ukuta unaopukutika.

Nondo. Vipande. Mtu anakata nondo ndefu makusudi ili vipande viwe vingi, jioni vipande vinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Pia kuna wizi wa dukani: umelipia milimita 12, umeletewa nyembamba. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo 10.6. Pima moja kwenye mzani wa mpunga, hamna atakayekukataza.

Mbao na mirunda. Hizi zinaondoka zikiwa zimetumika, baada ya kufungua zege. Kila mtu anaona ni kuni. Wewe mwenyewe ulikuwa umepanga kuzitumia tena kwenye lenta.

Dizeli. Kwenye saiti zenye mashine. Inanyonywa kwa mpira kwenda kwenye dumu. Dawa yake ni kuandika saa ambazo mashine imefanya kazi pembeni ya lita ilizojazwa. Mashine iliyolala siku nzima haiwezi kunywa lita 40.

Mabati, vitasa, nyaya na masinki. Haya yanaibiwa mwishoni, jengo likiwa limekaribia kwisha na mwenye nyumba amepumua. Wengi wanapunguza ulinzi wakishapaua. Kosa. Ndani ya kuta zako muda huo kuna mali nyepesi na ya gharama kuliko wakati wa msingi.

KISA CHANGU

Sasa nije kwenye lile nililosema.

Mwaka 2021, mwezi wa kumi, serikali ilitangaza ujenzi wa madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Kazi ilifanywa kwa fosi akaunti, maana yake hakuna mkandarasi mkubwa, shule inaajiri mafundi wa kawaida na wananchi wanasimamia kupitia kamati: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Na yote yalitakiwa yaishe kabla shule hazijafunguliwa Januari 2022. Mnakumbuka mbio zile.

Kwenye moja ya shule za huku kwetu, jina naliacha, nilipewa leja, kalamu na ufunguo. Mlinzi wa usiku alikuwa mzee mmoja jirani wa pale, sisi wote tulimwita babu. Aliingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku zote saba. Alikuwa na tochi, filimbi na koti la jeshi lililochoka.

Mzigo wa kwanza wa simenti ulifika saa 4 usiku. Lori la tani 10, hati inasema mifuko 200. Mvua inanyesha nyunyu, dereva anapiga honi, anasema ana mzigo mwingine wa kuwahi. Wajumbe wa kamati ya mapokezi walikuwa wameshalala makwao. Vijana wakashusha kwa taa za lori. Dereva akanipa hati, "Dogo saini hapo chini." Nikasaini. Nilihesabu? Sikuhesabu. Niliona rundo kubwa, nikaona ni mia mbili.

Baada ya siku kumi tukafanya hesabu ya stoo. Leja inasema imetoka mifuko 112, kwa hiyo inatakiwa ibaki 88. Tukahesabu: 68. Tukarudia: 68. Mifuko 20 haipo.

Hapo hakuna aliyeuliza swali lolote la maana. Swali lilikuwa moja tu, usiku analala nani hapa? Babu. Akaitwa. Akasema hajui. Jioni ile ile ukapigwa mwano, sungusungu wakajaa, wengine na fimbo, na kuna vijana walitaka wamalizane naye pale pale kwenye lundo la kokoto. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyesimama katikati. Ikaamuliwa alipe. Bei ya simenti ya wakati ule ilifanya laki 4 na ushee. Babu akauza ng'ombe. Kazi akaachishwa.

Na mimi nilikuwepo. Nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi kidogo juu ya ile saini yangu, ila wasiwasi wa mtu mwenye kibarua cha kwanza huwa hausemi.

Mzigo wa pili ukaja mchana. Mifuko 160, ilipangwa tabaka nne, kila tabaka 40. Safari hii nikapanda juu ya lori. Kumbe! Tabaka la juu pembeni limejaa, katikati kuna shimo, limefunikwa turubai. Nikahesabu mmoja mmoja: 145. Nikagoma kusaini. Kelele zikawa nyingi. Tandiboi mmoja akacheka akasema, "Ile ya kwanza mbona mlipokea?"

Hiyo sentensi sijaisahau hadi leo.

Jamani, mifuko 20 ni tani moja. Mzee peke yake, hana mkokoteni, hana baiskeli, atoe tani moja ndani ya siku kumi kupitia njia ya mchanga ambayo kila asubuhi tunaona hata alama za kuku, na hakuna aliyeona tairi? Hesabu ya darasa la tatu ingemwokoa. Hakuna aliyeipiga.

Nilienda kwenye kamati nikasema kila kitu, ikiwemo saini yangu. Mifuko 15 iliyopungua mzigo wa pili ililetwa kesho yake. Ile 20 ya kwanza haikulipwa, maana hati ilikuwa na saini: "vimepokelewa kamili". Kamati ilimrudishia babu sehemu ya hela, na mimi nilitoa mshahara wangu wa mwezi ule. Ng'ombe hakurudi. Tulimwomba arudi kazini, akakataa. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mimi nililinda mlango. Nyie mlikuwa mnalinda nini?"

MISAFARA YA ZAMANI ILIKUWA NA AKILI

Mzee mmoja wa historia aliniambia tusijione wa kwanza. Huku kwetu ni njia ya misafara. Karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Tabora, halafu Ujiji au kaskazini kuelekea ziwa Nyanza, wapagazi maelfu walibeba vitambaa, shanga, waya za shaba na pembe. Kila jioni kambi ikipigwa ilizungushiwa boma la miiba na mizigo ikarundikwa sehemu moja pa kuonekana. Kila mpagazi alijua mzigo wake na alijibu kwa huo mzigo. Yaani uzio, rundo la kuhesabika na jina la mhusika. Mambo matatu tu, na ndiyo hayo hayo ya saiti.

Na wakati ule pia mali haikupotea kwa wavamizi peke yao. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa alikuta bidhaa zake alizotumiwa zimeshauzwa na mtu yule yule aliyekabidhiwa kuzitunza. Ikabidi mwaka uliofuata akae miezi kadhaa pale Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri watu na vitu vingine. Tembe lile lipo mpaka leo, kawaoneni.

SASA TUFANYEJE? HATUA KWA HATUA

A) Kupokea mzigo

- Mzigo usipokelewe usiku. Ukifika usiku, lori lilale, lishushwe asubuhi. Dereva atalalamika, mwache alalamike.
- Hesabu mara mbili: juu ya lori na chini baada ya kushusha. Wahesabu wawe wawili, kila mtu na karatasi yake, mlinganishe mwishoni.
- Mkipungukiwa, andikeni kwenye hati yenyewe idadi iliyofika kwa tarakimu na kwa maneno, dereva asaini na ninyi msaini. Usisaini "kamili" kwa ahadi ya "kesho naleta".
- Mchanga na kokoto pima kwa futi ndani ya bodi ya lori: urefu mara upana mara kina. "Tripu" siyo kipimo. Kuna tripu na tripu.

B) Stoo

- Simenti ipange juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, marundo yasizidi mifuko 10 kwenda juu. Inakinga unyevu, na zaidi ya hapo unahesabu kwa macho: marundo 6 ni 60, kwisha. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.
- Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti. Mmoja akiwa hayupo, hamfungui.
- Leja iandikwe palepale kinapotoka: tarehe, kitu, idadi, kazi gani, nani amechukua, saini. Usiseme nitaandika jioni. Jioni kuna njaa.
- Mifuko mitupu irudishwe na ihesabiwe. Imetoka 12, mitupu irudi 12. Hii ndogo lakini inatisha wezi kuliko mbwa.
- Stoo ihesabiwe kila Jumamosi, siyo baada ya siku kumi kama sisi.

C) Kulinganisha kazi na mali

Hii ndiyo kamera ya maskini. Zege la 1:2:4 linakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50 kwa kila mita moja ya ujazo. Chukua sakafu ya darasa la mita 9 kwa 7, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 6.3. Piga mara 6 na nusu unapata mifuko 40 na kitu. Fundi akikuambia imekwenda 55, mwambie akuonyeshe imeingia wapi. Na akikuambia imekwenda 28, usishangilie! Hapo ama sakafu ni nyembamba ama mchanganyiko ni mchanga mtupu.

D) Uzio, mwanga na njia

Siyo lazima mabati mapya. Miiba, fito, mabua ya mtama, senyenge, chochote kinachofanya mtu asiweze kusema "nilikuwa napita tu". Cha muhimu njia ya kuingia na kutoka iwe MOJA, na stoo iwe mbali na uzio lakini mbele ya macho ya mlinzi. Kata nyasi mita kadhaa kuzunguka. Taa ya sola ya kujiwasha mtu akipita siku hizi siyo ghali, iweke ikielekea stoo, siyo ikimmulika mlinzi machoni. Vifaa vya kazi kama makoleo, sululu na toroli viandikwe kwa rangi moja ya kukera macho. Toroli la pinki halina mnunuzi Nzega nzima.

Na weka bango. Kwa saiti yenye mkandarasi bango ni takwa la Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Hata kama unajenga kwa fundi wa mtaani, bango la jina la mradi na namba ya simu ya msimamizi linasaidia: jirani akiona kitu usiku anajua ampigie nani.

E) Mlinzi mwenyewe

Hapa nitaongea kwa ukali kidogo. Tunamlipa mlinzi hela ya sabuni, tunampa usiku saba kwa wiki, hana choo, hana kibanda, hana namba ya simu ya mtu wa kumpigia, halafu kitu kikipotea yeye ndiye mwizi wa kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na kwa siku mtu asizidi saa 12 hata ukiweka na za ziada. Babu alikuwa anafanya saa 84. Sheria hiyo hiyo inatambua kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuwa ya usiku, na ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Nani kati yetu anaijua hii? Mi nimeijua baadaye.

Kwa hiyo: walinzi wawe wawili wa kupokezana. Mpe kibanda, maji, tochi yenye betri na vocha. Na muhimu kuliko yote, MAKABIDHIANO. Jioni mtunza stoo na mlinzi wahesabu pamoja vilivyoko nje na kukagua kufuli, wasaini daftari. Asubuhi hivyo hivyo. Daftari lile linamlinda mwenye mali, na linamlinda mlinzi pia. Babu angekuwa nalo, ng'ombe wake angekuwa zizini.

F) Sungusungu na sheria

Sungusungu ni wetu. Walianza huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ikawatambua. Saiti ya kijiji ikiwa na uhusiano mzuri na sungusungu, mwano ukipigwa watu wanatoka. Hiyo kampuni gani ya ulinzi itakupa? Kwa hiyo ukianza kujenga, nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti na kwa kamanda wao.

Lakini mwano ni wa kumkamata mtu, siyo wa kumhukumu. Raia anaruhusiwa kumkamata anayemwona anatenda kosa kubwa kama wizi, halafu amkabidhi polisi bila kuchelewa. Namba ya dharura ni 112. Ukimpiga hadi akafa, kesi ya simenti inakuwa kesi ya mauaji, na wewe mwenye mali ndiye utakayeitwa kwanza. Na ukimpiga asiye mwizi? Mimi nimekaribia kuona hilo kwa macho yangu.

G) Mnunuzi

Mwizi wa nondo anaiba kwa sababu kuna mzani unamsubiri. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi, na hata anayekutwa na mali inayodhaniwa ni ya wizi akashindwa kueleza alivyoipata. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanatakiwa wawe na kibali, waulizeni. Wenzetu Kenya Januari 2022, baada ya nguzo kubwa za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, rais wao wa wakati huo Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, ikaja kufunguliwa Mei mwaka huo. Waliumia hata wafanyabiashara waaminifu. Na kwetu, ukigusa miundombinu ya umma kama reli unaweza kujikuta kwenye uhujumu uchumi, siyo wizi wa kawaida. Vijana wenzangu, kilo za chuma haziwezi kulipa hiyo.

H) Watoto

Nimeliweka mwisho ila ndilo kubwa. Shimo la choo lisilofunikwa, shimo la kifusi lililojaa maji ya masika, lundo la tofali lililopangwa vibaya, misumari kwenye mbao. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na watu 36 wakafa. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kulikuwa hadi watoto waliokuwa wanacheza jirani. Kwa hiyo funika mashimo kila jioni hata kwa mabati mabovu na mawe, na waambie watoto wa jirani kwa upole, kwa majina yao. Mtoto uliyemwita kwa jina anakuwa mlinzi wako.

KWA UFUPI KWA WENYE HARAKA

1. Usipokee mzigo usiku.
2. Usisaini usichohesabu.
3. Kufuli mbili, funguo mbili.
4. Mifuko mitupu irudi.
5. Linganisha zege na leja kila wiki.
6. Njia ya kuingia moja.
7. Makabidhiano jioni na asubuhi, kwa saini.
8. Mlinzi apumzike.
9. Jitambulishe kwa sungusungu, mshukiwa apelekwe polisi.
10. Funika mashimo.

Yale madarasa yaliisha, watoto wanasoma. Nikipita naona madirisha na bendera, naona na ile sehemu ambapo lori lilisimama. Babu bado yupo, tunasalimiana. Ananiita mjukuu kama zamani na hajawahi kulizungumzia tena. Mimi ndiye ninayeliandika.

Mdau wa Dar, jibu lako ndilo hilo. Weka mlinzi, weka na mbwa ukipenda, lakini kabla ya wote tafuta mtu wa kuhesabu, tena umwambie kuhesabu ndiyo kazi yake.

Wenye uzoefu, hasa mafundi na walinzi wenyewe, ongezeeni hapo chini nilichosahau. Mwenye kunisahihisha kwenye hesabu au sheria asisite, matusi tu ndiyo hatutaki.

Nawakilisha.